Muulizaji wa Nusu Pointi

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani, kwa sababu sijui, na hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumuuliza. Kuuliza ilikuwa kazi yake. Mji mzima wa Kindu, kuanzia Kasuku hadi Mikelenge, tulimwita Muulizaji, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye makaratasi ya Wabelgiji, ambako halikumsumbua mtu.

Siku za kazi alipima mizigo kwenye stesheni ya gari la moshi. Jumamosi mchana alivaa tai fupi iliyoishia juu ya kitovu, akaja kwenye jumba la mikutano la mtaa wetu kuwauliza watoto wa shule maswali. Yalikuwa mashindano kamili. Watoto wa Kasuku walikaa benchi la kushoto, wa Mikelenge la kulia, na sauti yake ilipita kwenye nyaya mpaka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo za barabarani, ili waliokosa nafasi ndani wasikie huko nje wakitafuna karanga. Wajukuu zangu siku hizi wanaangalia watoto wakishindana namna hiyo kwenye televisheni, kuna taa za rangi na saa inayowakimbiza. Nawaambia mashindano yetu yalikuwa bora. Wananicheka, nami nawaacha wacheke kwa sababu hawajui wanachokisema.

Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Kabla ya kuanza alitafuna tangawizi, kipande kizima, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi yale macho yalitutoka machozi kabla hata hatujaulizwa chochote. Wageni waliodhani tunalia kwa woga walituonea huruma bure.

Maswali hayakuwa yake. Aliyaandika Mzungu mmoja wa ofisini ambaye sidhani kama alijua anawaandikia watoto wa wapi. Siku moja Muulizaji alisoma: "Theluji njo nini?" Mtoto mmoja wa Kasuku akasimama, akafikiri, akasema ni unga wa muhogo unaoanguka kutoka juu huko Ulaya. Muulizaji aliangalia karatasi yake yenye majibu, akamwangalia mtoto, akaangalia tena karatasi.

"Wewe ulishaiona hiyo theluji?"

"Hapana, Baba."

"Hata mie. Nusu pointi."

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake, kama kweli ulikuwa udhaifu. Hakuweza kumwona mtoto akirudi kwenye benchi mikono mitupu. Msichana mmoja aliulizwa mto mkubwa unaopita Kindu, swali ambalo hata mbuzi wa mtaani wangejibu, na kwa wasiwasi akataja mto mdogo wa Kasuku badala ya Lualaba. Watu wakaguna. Muulizaji akanyanyua mkono. "Kasuku inaingia mule mule ndani ya Lualaba. Jibu hii haijafika, lakini imefika kwa jirani. Nusu." Kuna mvulana aliyeshindwa kufungua kinywa, akasimama tu akilia, na huyo alipewa robo kwa kusimama wima.

Matokeo yake ni kwamba mwisho wa mashindano wote tulikuwa na pointi zinazokaribiana, na zawadi, ambayo mara nyingi ilikuwa mche mmoja wa sabuni, ilikatwa kwa uzi palepale jukwaani, kila mtoto akaenda na kipande chake. Mama zetu waliona hakuna mashindano yenye maana kama yale. Aliyeumia ni mmoja tu, mvulana wa Mikelenge mwenye kichwa kikubwa, aliyejua kila jibu, hata la theluji. Alijibu sawasawa wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki alibeba nyumbani kipande cha sabuni kilichokuwa sawa na cha yule aliyelia. Leo ni mzee asiye na meno na bado ana hasira.

Lakini nusu pointi zilikuwa jambo dogo ukilinganisha na salamu. Muulizaji hakuweza kumuuliza mtu chochote kabla ya kumsalimia, na kumsalimia kwake hakukuwa kwa neno moja kama mnavyofanya ninyi. Alikuwa na usemi wake, "Kwanza tuonane," na ukiusikia ulijua hutatoka hapo karibuni.

"Kwanza tuonane. Mutoto, jambo."

"Jambo sana, Baba."

"Baba yako iko muzima?"

"Iko muzima."

"Mama?"

"Iko muzima."

"Na nkambo yako ule muzee, ile goti yake?"

"Goti imepona."

"Na ile mbuzi yenu nyeusi?"

"Ilizaa mapacha."

"Aksanti Mungu. Sasa: mufalme wa Ubelgiji anakaa muji gani?"

Stesheni ilikuwa hivyo hivyo. Ulifika na magunia yako ya mchele, gari la moshi linapiga filimbi, naye ameegemea mzani anataka kujua kama mjomba wako wa Kibombo alishaezeka nyumba. Abiria mmoja aliachwa na gari akiwa katikati ya kueleza ugonjwa wa shemeji yake. Muulizaji alimpeleka nyumbani kwake, akampikia, akamalizia kuuliza. Wakubwa wake wa stesheni walimgombeza mpaka wakachoka. Walishindwa kumfukuza kwa sababu alipima vizuri na hakuiba, na watu wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Sasa nieleze jambo ambalo nilipokuwa mtoto lilinikera sana. Kwetu salamu hurudishwa. Ukiulizwa habari za baba yako, nawe unauliza za nyumba ya mwenzako, ndipo mazungumzo yanaanza. Nyanya yangu alilichukulia jambo hili kwa uzito kuliko sala. Alisema mtu asiyerudisha salamu anyimwe sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na kwa kweli aliwahi kuninyima, nikala ugali mkavu nikiangalia wenzangu wanachovya. Basi mtu huyu aliyesalimia kuliko wote huko kwetu Maniema hakuruhusu arudishiwe. Alitoka kwenye mbuzi akaingia kwenye mfalme wa Ubelgiji bila kuvuta pumzi. Ulikuwa hujafunga kinywa, na swali liko tayari mbele yako.

Watu wazima walijua sababu. Hakutaka kuulizwa habari za mke wake.

Mke wake alikuwa mwanamke wa Lubutu, mrefu kumpita kwa kichwa kizima, mchapakazi, mwenye ulimi ulionolewa. Siku moja alimtuma chumvi dukani, mwendo wa kwenda na kurudi kabla maji hayajachemka. Muulizaji alitoka asubuhi. Njiani alikutana na fundi baiskeli, halafu na mama wa maandazi, halafu na mwalimu wa chuo cha Kurani, halafu na watu waliokuwa wakienda msibani, akaenda nao. Alirudi jioni bila chumvi, lakini na habari za nusu ya mji, akaanza kumsimulia mke wake aliyekuwa amelala juu ya mkeka amejifunika kanga.

Maneno aliyojibiwa siku ile jirani waliyasikia, na kwa kuwa jirani mmoja alikuwa nyanya yangu, nami nimeyasikia mara nyingi.

"Mbuzi ya wantu unajua habari yake," alisema mke wake. "Mie homa imenishika tangu asubuhi. Mbele ya kuenda, haukuniuliza."

Homa ilipompungua alifunga vitu vyake, akavuka Lualaba kwa kivuko, akapanda lori kwenda kwa mama yake Lubutu. Muulizaji alituma salamu kwa kila dereva aliyeelekea huko. Alituma kitenge, alituma samaki wakavu. Kitenge kilipokelewa na samaki wakaliwa, lakini hakuna neno lililorudi. Alipika mwenyewe, alikula mwenyewe, na mtaani aliendelea kuuliza wengine zaidi ya zamani, labda kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na wa kumuuliza.

Mambo yakawa hivyo mpaka tulipopata habari kwamba Bwana wa Radio anakuja kutoka Leopoldville na mashini ya kunasa sauti, ili mashindano ya watoto wa Kindu yatangazwe Kongo nzima. Wengine walifurahi kwa ajili ya watoto wao. Muulizaji aliuliza swali moja tu: je, Lubutu kuna kipaza sauti? Dereva mmoja akamwambia kipo, sokoni, juu ya nguzo, na watu hukaa chini yake kila Jumapili.

"Basi Lubutu watasikia," akasema.

Tangu hapo akawa mtu wa vituko. Ili sauti isichakae aliacha kupayuka, akapima mizigo kwa kunong'ona. Abiria walilazimika kumwinamia sikio, na kwa kuwa salamu hazikupunguzwa hata kidogo, stesheni nzima ilionekana ina siri. Alikunywa asali. Alikunywa mafuta ya mawese ya moto, ambayo nina hakika hayasaidii chochote. Alimwendea baba yangu, aliyekuwa mshona nguo, akaagiza koti jipya.

"Radio haionyeshe koti," baba akamwambia.

"Najua," akanong'ona. "Lakini mie nitakuwa ndani yake."

Zaidi ya yote, swali la mwisho la siku ile lilikuwa la Kifaransa, refu, lenye maneno ya kuviringisha ulimi, na alilikariri akienda kazini na akirudi. Mpango wake kila mtu aliujua. Mke wake atakuwa sokoni Lubutu na kikapu chake, ghafla asikie kutoka juu ya nguzo sauti ya mumewe ikisema Kifaransa kama gavana, na mama mkwe naye asikie, na moyo ulegee. Tulimwombea wote. Mie nilikuwa mmoja wa watoto waliochaguliwa kushindana, na nilikuwa na hofu zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Siku ikafika. Bwana wa Radio alikuwa kijana mwekundu mwenye jasho, na mashini yake ilikuwa na magurudumu mawili na utepe mwembamba uliotoka huku ukaingia kule. Alitueleza kwa Kiswahili chake cha kutoa amri kwamba utepe ukiisha, kazi imekwisha, hana mwingine. Kisha akamgeukia Muulizaji. Inaonekana alikuwa ameshaonywa.

"Salamu hapana. Maswali tu. Upesi."

"Ndiyo, Bwana," Muulizaji akasema, na nadhani alikusudia kweli.

Wa kwanza kusimama alikuwa yule mvulana wa Mikelenge. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Muulizaji akanyanyua karatasi, akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua tena. Jasho likaanza kumtoka ndani ya koti jipya. Alimwangalia yule mtoto, ambaye baba yake alikuwa ameanguka kutoka kwenye mnazi, samahani, mchikichi, wiki ileile na kuteguka bega, na uso wake wote ulionyesha kwamba anapigana na kitu kisichoshindika.

"Kwanza tuonane," akasema kwa huzuni.

Hapo ikawa basi. Na sisi watoto hatukumsaidia, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shangazi wa Pangi, au kaka wa Kibombo, au babu wa Kabambare, ambaye angesikia. Alipouliza bega la baba, mvulana wa Mikelenge, mtoto mkali asiyepoteza neno, alieleza bega, akaeleza mchikichi, akaeleza mganga aliyelikanda, na akamkumbusha mjomba wake wa Pangi kwamba lile jembe aliloazima bado linangojewa. Bwana wa Radio alipunga mikono yote miwili.

"Swali! Uliza swali!"

"Njo niko nauliza, Bwana," Muulizaji akamjibu kwa heshima. "Nauliza bega ya baba yake."

Mvulana akapata swali lake, buibui ana miguu mingapi, akajibu nane, akapewa pointi moja nzima. Mtoto wa pili akaleta habari za harusi, wa tatu za kuku walioibwa, na mwizi akatajwa kwa rangi ya nguo zake. Gurudumu moja lilikuwa limenenepa na lingine limekonda. Ndipo nikaitwa mimi.

Alinisalimia baba, alinisalimia cherehani ya baba, alimsalimia nyanya kupitia kwangu ingawa nyanya alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nilimwona anavuta pumzi ili arukie swali kama kawaida yake. Sekunde ileile Bwana wa Radio akanyoosha kiganja kumzuia, akainama kuangalia kasindano kalichokuwa kanatetemeka kwenye mashini yake. Magurudumu yaliendelea kuzunguka.

Kwa mara ya kwanza kukawa na nafasi. Nyanya akakohoa. Nilikijua kikohozi kile, kilikuwa kikohozi cha sombe. Nikarudisha salamu kama nilivyolelewa.

"Na weye, Baba," nikasema. "Mama wa nyumba yenu, iko muzima?"

Aliangalia karatasi yake. Majibu yote yalikuwa humo, naye akaangalia kila mstari, kisha akaigeuza akaangalia nyuma. Watu wakaanza kucheka. Aliponyanyua uso wakaacha.

"Sijui," akasema.

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kwake. Aliongea polepole, wala si kwa sauti ya gavana.

"Iko Lubutu. Ile siku alikuwa na homa, na mie sikumuuliza. Niliuliza Kindu muzima, yeye sikumuuliza. Ilifaa nianze na yeye. Sasa sijui kama iko muzima."

Nilitaka ardhi inimeze. Nyanya alikuwa akiangalia viatu vyake. Ndipo kutoka benchi la kulia ikasikika sauti ya mvulana wa Mikelenge, kavu, ya haki, sauti ya mtu aliyeionja sheria ile miaka mingi na sasa anaitumia.

"Jibu hii imefika kwa jirani," akasema. "Nusu pointi."

Utepe ukaisha. Ncha yake ikawa inazunguka inapiga mashini, tap, tap, na Muulizaji alikuwa bado ameshika swali lake la Kifaransa.

Bwana wa Radio alifunga vitu vyake bila kuaga. Muulizaji alivua koti, akalikunja vizuri, akaenda zake, na njiani kwa mara ya kwanza alipita watu bila kuwasalimia. Alijua amejiharibia. Badala ya Kifaransa, kama itatangazwa, mama mkwe atasikia aibu. Aliomba isitangazwe. Lakini Jumapili iliyofuata radio haikuwa na kitu kingine cha kujaza ile nafasi, ikatangaza yote, bega, kuku, jembe na mwisho wake. Kindu tulikaa chini ya nguzo tukasikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa amejifungia ndani, lakini nguzo ilikuwa karibu na dirisha lake.

Yaliyotokea stesheni baadaye nilisimuliwa na baba, aliyekuwa kwenye mstari na mafurushi ya vitambaa. Mwanamke mrefu alipanda kutoka kwenye kivuko, vumbi la lori mwili mzima, akapita mbele ya wote, akatua furushi lake juu ya mzani.

Muulizaji alibaki ameshika jiwe la kupimia.

"Nimeleta jibu," mke wake akasema. "Unaenda kusema mbele ya Lubutu muzima hujui kama mie muzima. Wantu wananiuliza kwenye soko, wantu sijui hata majina. Basi sikiliza. Homa ilipona zamani. Jino moja ilitoka. Mama yangu hakusalimie."

Muulizaji akataka kusema kitu. Baba aliapa kwamba midomo yake ilianza kutengeneza neno mbuzi.

"Niulize mie," mke wake akasema.

Basi akamuuliza. Aliuliza jino lilitoka upande gani, na kama liliuma, na nani alimshika mkono. Gari la moshi lilipiga filimbi, likapiga tena, na hakuna mtu kwenye mstari aliyelalamika, kwa sababu wote walikuwa wanasikiliza. Siku ile liliondoka kwa kuchelewa kuliko siku zote alizowahi kulichelewesha. Tangu hapo alianza kuchelewa hata kufika kazini, maana kila asubuhi alianzia nyumbani.

Mashindano yaliendelea. Radio haikurudi. Salamu zetu sasa alizipokea, akazijibu kwa kirefu, maswali yakapungua hadi Jumamosi nyingine tukawa hatulifikii hata moja, na sabuni ikaendelea kukatwa.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa mwanamke mzima, nina mtoto mgongoni, nasafiri kwenda Kibombo. Alikuwa ameshaacha kazi, lakini alikaa kwenye benchi la stesheni karibu na mzani, amevaa koti lile alilolishona baba yangu, lililokwisha rangi. Mke wake alikaa pembeni akichambua mchele. Masikio ya Muulizaji yalikuwa yamezeeka kuliko yeye mwenyewe, ikabidi nijitaje kwa kupayuka: mtoto wa mshona nguo, wa benchi la kushoto.

"Kwanza tuonane," akasema, akashika mkono wangu, akaniuliza baba, akaniuliza kaburi la nyanya kama limepaliliwa, akamuuliza mtoto aliyekuwa amelala. Alivuta pumzi na kuiacha, akangoja, ananiangalia, nikaelewa kwamba ananipa nafasi.

"Na Mama, iko muzima?" nikapayuka.

Aligeuka kwa mke wake, polepole kwa sababu ya shingo, akamuuliza, "Uko muzima?"

"Mugongo inaniuma tangu jana," mke wake akasema bila kuacha kuchambua. "Na umeshaniuliza asubuhi."

Akanigeukia mimi. Alijiweka sawa kwenye benchi, akakaza koti, mikono pembeni, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya kipaza sauti.

"Mugongo inamuuma tangu jana," akasema.

Akabaki ananitazama, anangoja.

"Pointi moja," nikamwambia karibu na sikio, ili asikie vizuri. "Nzima."